Chombo Kisichomsemea Bi Mize

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na chombo cha kusoma ute wa ukeni wa wanawake walio katika umri wa kuzaa na kutangaza majibu kwa sauti.

"Mwanaheri, ute wako leo unavutika kama wa yai. Shingo ya kizazi imelainika. Ni siku za kushika mimba," chombo kilitangaza.

Mwanaheri, aliyekuwa akikaanga maandazi, aliona haya mbele ya mama mkwe wake. Lakini mkwe huyo, Bi Mize, alimsogelea, akamnong'oneza: "Mwanangu, mimi niliyekwisha koma hedhi natokwa na maji yenye damu, na chombo hakinisemei."

Mwanaheri akazima jiko. "Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoolewa."

Mwanaheri, ambaye mwanawe alikwisha kuanza kutembea, alimvika Bi Mize buibui, wakashikana mikono kwenda hospitali.