Ijumaa ya Bi Mwanaheri

Sheria iliruhusu jamaa kuamkia seli za marehemu wao, zilizokuzwa zikiwa hai ndani ya chupa maabarani, kila Ijumaa, na baada ya miaka mitatu kuzipeleka nyumbani. Mzee Shebwana hakukosa hata Ijumaa moja kumwona mkewe, Bi Mwanaheri, aliyeondoka kwa saratani ya ovari.

“Homoni zimepanda leo,” aliitania chupa. “Umenuna, bibi? Na huku hata kupika hupiki!”

Zaituni, mtunza seli, alicheka kwa meno tu. Asubuhi ile kipimo kilikuwa kimemuumbua. Siku moja ya uvivu alitumia mrija mmoja kulishia chupa mbili, na seli za mwanamke mwingine, zenye pupa ya kukua, zikaingia katika chupa hii na kuzimaliza za Bi Mwanaheri.

“Miaka mitatu imetimia leo; nimemwandalia mahali jikoni, penye joto,” Mzee alisema. “Mbona huniangalii, mwanangu? Umemzoea, hutaki kuniachia?”

“Nimemzoea, baba,” alisema Zaituni, uso ukimwiva kwa haya. Akaandika jina la Bi Mwanaheri kwenye chupa, akamkabidhi.

Mzee aliikumbatia ndani ya koti, akatoka akimsimulia mgeni yule wa chupani habari za wajukuu.