Kura Moja

Roscoe Tidwell alikuwa anakula peke yake, na hakuna rubani aliyetaka kukaa karibu naye. Kapteni Verlyn Haugen alimpita na sinia lake huku ameinamisha macho, akaenda kuketi na rubani mwenzake, Dale.

"Msaliti yule," Dale alisema, wala hakushusha sauti. "Katuuza mchana kweupe."

"Kura ilikuwa ya siri, Dale. Una hakika gani?"

"Sasa kama si yeye, ni nani? Wewe?"

Dale akaangua kicheko. Verlyn naye akacheka.

Aliyepiga kura ile alikuwa yeye, Verlyn.

Mkataba wao, marubani wa kampuni kubwa, ulikuwa na kifungu kimoja walichokilinda kama mboni ya jicho: kampuni ndogo, zile zinazowabebea abiria wa miji midogo, zisirushe ndege inayozidi uzito fulani. Ndege kubwa zibaki za wenyewe. Kisha ikaundwa ndege mpya, tulivu, isiyobugia mafuta, ila nzito kuliko mkataba ulivyoruhusu. Wajumbe wa chama cha marubani, Verlyn na Tidwell wakiwemo, wakafungiwa chumbani waamue. Kifungu kikalegezwa kwa kura moja.

Verlyn aliingia mle akiwa na nia ya kukataa. Lakini kalamu ilipofika mkononi, alimwona akilini Britta, bintiye wa pekee, akirusha mikweche ya kampuni ndogo kule Duluth. Bila ndege mpya, kampuni ile ilikuwa inakwenda kufa.

Britta mwenyewe hakumwomba kitu. Majira ya baridi, kabla ya kura, wakivua samaki juu ya ziwa lililoganda, Verlyn alimuuliza habari za kazi, naye akacheka tu.

"Wewe kaza kamba, Baba. Usinihurumie mimi."

"Na kampuni yenu ikifungwa?"

"Nitajua pa kwenda. Hebu tazama ndoano yako huko!"

Jasiri, Verlyn aliwaza siku ile. Anameza machozi ili nisiumie.

Sasa Tidwell alikuwa anatemewa mate kwa dhambi isiyo yake. Jumapili, Britta alipokuja kula, Verlyn alikuwa amekata shauri: atamweleza yeye kwanza, kisha ataenda kusimama mbele ya wenzake, liwalo na liwe. Alipakua viazi na nyama ya tanuri, akakohoa.

"Mwanangu, kuna jambo nimelifanya. Kwa ajili yako."

"Ngoja, Baba, nianze mimi, la sivyo nitalia kabla sijasema." Britta alisukuma sahani pembeni. "Nilitaka kukushtukiza. Kampuni yenu ilishaniajiri tangu kabla hatujaenda kuvua kwenye barafu. Nilitaka turuke wote, wewe na mimi, walau safari moja kabla hujastaafu. Kule Duluth nimeshaacha kazi."

Verlyn alisimama amkumbatie. Britta alimzuia kwa mkono.

"Wamefuta darasa letu zima la mafunzo. Wanasema safari zinahamia kwa kampuni ndogo na ndege zao mpya, sisi marubani wapya hawatuhitaji tena." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kura moja tu, Baba. Wewe ulikuwemo mle chumbani. Niambie, ni nani aliyenifanyia hivi?"