Gambuti Mlangoni

Gambuti zilikuwa zimelowa tena, na jani bichi la chai lilikuwa limenata kwenye soli.

Zilikuwa za mama wa mtoto Kemunto. Miaka miwili iliyopita aliondoka na viatu vya kanisani, akamwachia jirani mtoto na gambuti. Mtoto aliziweka mlangoni, akangoja. Tangu Jumatatu zinalowa kila alfajiri.

"Anti, ni wewe unazivaa," Kemunto alisema. "Unataka nifikiri amerudi."

Jirani alicheka. "Na huu mguu? Hata sokoni Kapsoit hawana saizi yangu." Aliusukuma ndani ya gambuti, ukakwama kisiginoni. Akauchomoa, akaacha kucheka.

Walitazama nje. Nyayo za gambuti zilitoka kwenye shamba la chai hadi mlangoni. Za kurudi zilikuwa za miguu mitupu.

"Kemu," sauti iliita kutoka kwenye ukungu.

Ni mama yake tu aliyewahi kumwita hivyo.

Kemunto aliziokota gambuti, akazitupa mbali, kwenye matope. Halafu akamshika jirani mkono.

"Mama," alimwambia, "funga mlango."