Jeneza Tupu la Kimilili

Nakhumicha alisikia kilio kabla hajawaona akina mama wakiingia uani, kuni vichwani, machozi mashavuni.

Waigizaji aliowaalika kuwa waombolezaji hawakutokea. Kamera ya kukodi ilitakiwa kurudi Kitale jioni ile, na bila kilio cha matanga, tamthilia ya televisheni aliyoiandika kwa miaka minne isingekuwa na mwanzo. Hema lilikuwa tayari, na jeneza tupu lilikuwa juu ya meza. Hapa Kimilili, anayeona jeneza kwa jirani hangoji kualikwa.

"Niwashe?" mpiga picha alinong'ona, kidole juu ya kitufe chekundu. "Si hawajui, bana!"

"Ngoja."

Nakhumicha alifungua jeneza, wote wakaona. "Mama zangu, mnisamehe. Hakuna aliyekufa. Ni mchezo wa televisheni."

Kilio kilikatika. Mama mmoja mzee alitua kuni zake kwa kishindo, akachungulia ndani.

"Ati hakuna mtu? Na vile nimelia tangu barabarani!" Alicheka hadi akajishika mbavu. "Sasa huyu wa mchezo ni nani? Mimi siwezi kulilia mtu simjui."

Nakhumicha alimsimulia: mwalimu, kitinda mimba, aliyemjengea mamake nyumba bati moja moja, akaanguka kabla ya kupigilia bati la mwisho.

 Mkono wa yule mama mzee ulipapasa ukingo wa jeneza, polepole, mara mbili.

"Funika, mwanangu," alisema, akijitwika tena kuni zake, machozi yakirudi mashavuni. "Na huyo mtu wako awashe hiyo kitu yake upesi."