Rufaa ya Koplo Nyamizi

Siku zile, kila aliyeingia jeshini aliondolewa hofu kwa sindano moja ya shingoni. Koplo Nyamizi wa Tabora alitumikia miaka mingi bila kujua woga, mpaka alipomzaa Limi. Hapo hofu ikamwotea upya kama nywele. Jeshi likamwachisha kazi, na kwenye rekodi yake wakaandika kwamba haruhusiwi kuandikishwa tena.

Nyamizi aliona haya, akakata rufaa. Majibu yalichelewa hadi Limi akaanza kukimbia. Kipindi chote hicho Nyamizi alilala huku akisikiliza pumzi za mtoto, na mumewe, Maganga, akikawia kidogo tu, humkuta amesimama mlangoni.

"Mama Limi, tangu tuoane hujawahi kuningoja hivi," Maganga alimwambia siku moja, machozi yakimlenga.

Mwishowe Nyamizi alishinda rufaa. Rekodi yake ikasafishwa, akaruhusiwa kurudi, ila kwa sharti la sindano.

"Utakwenda?" Maganga aliuliza.

"Nimeipigania kazi hii, Baba Limi."

"Basi nenda. Sitakuzuia."

Nyamizi akawakumbatia wote wawili, huku akitetemeka mwili mzima.

Jioni alirudi na sare, uso umetulia, mzuri kama siku ya harusi. Limi alikuwa amepanda ukingo wa kisima, anachungulia ndani. Maganga akapiga ukelele, akatimua mbio.

Nyamizi alimtazama binti yake kwa mapenzi, akatabasamu.

"Mwache, Baba Limi. Ona anavyopendeza."