Waya wa Korido

Tangu sheria iruhusu kila kipande cha waya wa umeme kiwe na mwenyewe anayejipangia bei ya kupitisha umeme, Shomvi alikuwa akihangaika kupata cha kwake. Alikipata humo humo nyumbani: waya wa korido, unaopeleka umeme chumbani kwa mama yake. Siku hiyo akavaa tai, eti mwekezaji.

Mkewe Riziki, mjamzito, alimtazama akibonyeza simu kupandisha bei, akajionea aibu kwamba aliwahi kumpenda. Chumbani, mashine inayomsaidia mkwewe, Bi Kidawa, kupumua ikaanza kufifia.

"Shomvi, mama yako anakosa pumzi!"

"Alipie usafirishaji wa umeme. Soko ndilo linalopanga, mke wangu, siyo mimi."

Bi Kidawa akaisogeza barakoa pembeni, akasema kwa taabu, "Mwanangu, nilikubeba tumboni miezi tisa. Nilikutoza nini?"

Shomvi akafikiri kweli kweli, mpuuzi yule, huku akiinyoosha tai.

"Wakati ule, mama, sheria ilikuwa bado."

Kisha macho yake yakashuka kwenye tumbo la Riziki, yakatulia hapo, kama anayekadiria bei. Riziki akalifunika tumbo kwa mikono yote miwili.