Tarehe Iliyo Mbele

Mashine ilikataa tena. Maandishi mekundu yakajitokeza chini ya kisanduku: tarehe ya kifo haiwezi kuwa mbele ya leo.

"Mama, Dimanche haijafika," alisema Kahambu, mwandikishaji wa kambi. "Leo ni Ijumaa, Dimanche ni keshokutwa. Niambie siku muzee alikufa."

Mukamazimpaka, mkimbizi wa kutoka Rutshuru, aliangalia mikono yake. "Ni Dimanche, madame. Muzee mwenyewe ndiye alisema."

Maskini ya Mungu! Fomu hii ya wajane Kahambu aliitengeneza mwenyewe, na kizuizi cha tarehe alikiweka kwa hasira, baada ya watu kumwandikia marehemu waliokufa tarehe thelathini Februari, na mmoja aliyekufa kabla hajazaliwa. Sasa kisanduku hakidanganyiki. Siku, mwezi, mwaka, na isizidi leo. La sivyo, hakuna kutuma.

Na bila kutuma, hakuna bateau. Jumatatu bateau ingevuka ziwa kwenda Bukavu na wajane na watoto wao. Wenye waume wangengoja safari ya pili, na kambi nzima ilijua kwamba safari ya pili ni maneno ya kubembelezea mtoto alale. Mabomu yalikuwa yameanza kusikika milimani. Orodha ilikuwa inafungwa leo hii.

"Uko na watoto?"

"Mumoja. Nishimwe. Anakohoa sana."

"Basi sikiliza, mama. Hapa usidanganye. Lundi, kabla ya kupanda bateau, watu wetu watapita kuangalia kaburi. Watauliza majirani siku gani muzee alikufa. Ikipishana na ile iko kwa fomu, unashuka, wewe na mutoto."

"Najua, madame. Ndiyo maana nasema Dimanche. Muzee hapendi uongo."

Anamtaja kama yu hai, Kahambu aliwaza. Wafiwa wapya wote ndivyo walivyo. Hata mama yake kule Butembo aliendelea kumpakulia baba chakula mwezi mzima baada ya maziko.

"Na kilio kinafanyika wapi? Hapa kambini?"

"Kilio hakijaanza. Muzee anataka misa kwanza."

Lo! Hapo ndipo Kahambu alipoelewa, akajiona mjinga kwa kumsumbua mama wa watu. Dimanche ni siku ya maziko! Muzee amefariki, mwili bado umelala ndani ya hema, ameacha neno azikwe baada ya misa, na huyu mama kwa uchungu wake anachanganya siku ya kufa na siku ya udongo.

"Pole sana, mama. Wacha nikusaidie."

Akaandika tarehe ya leo. Maandishi mekundu yakatoweka. Akabonyeza kutuma kabla mtandao haujakatika, maana Goma mtandao hauna adabu.

"Imekubali! Nimeweka leo."

Mukamazimpaka alishtuka. "Leo? Haiwezi kungoja?"

"Mashine haijui kungoja, mama. Na ikishaenda haibadiliki tena. Uko kwa orodha, wewe na Nishimwe. Furahi kidogo."

Mama aligeuka kuangalia mlangoni. Kisha akakaza kitenge chake, akashukuru kwa mikono miwili, akatoka.

Kahambu alijisikia vizuri, kusema kweli. Roho mbili zimepata bateau. Alisogea dirishani amwangalie anavyokwenda.

Nje, muzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi la volkano, amempakata mtoto wa kike anayekohoa. Mukamazimpaka alipiga magoti mbele yake.

"Papa Nishimwe," alisema, "wamekataa Dimanche. Wameandika leo."

Muzee alivua koti lake, akamvika mtoto, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha akasimama, akaangalia upande wa ziwa.

"Haya," alisema. "Shika mutoto. Asinifuate."